Kitako Kilichommeza Msafiri

Rafiki yangu aliishika sanamu yangu ndogo ya msafiri, niliyoipaka rangi mwenyewe, kwa vidole viwili, akaisogeza chini ya taa, akaigeuza polepole. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kitako hiki, ndugu yangu, ni balaa. Tazama nyota zilivyokaa!" Akaigeuza tena, akaipiga picha kutoka juu, akanirudishia. Kitako ni lile duara dogo ambalo sanamu husimama juu yake; hiki nilikuwa nimekipaka anga la nyota.

Hakumtaja msafiri.

Msafiri ndiye aliyenila usiku kumi na mmoja. Uso wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, na nilikuwa nimeutia mikunjo chini ya macho, uchovu wa mtu aliyetoka mbali. Joho lake lina vivuli saba, kila kimoja kimepakwa kwa rangi nyepesi iliyosubiriwa ikauke. Kitako kilinichukua jioni moja. Nilishukuru kwa zile sifa, tukaongea mengine, akaenda zake. Wiki ya kwanza nilizifurahia. Wiki ya pili zikaanza kunichoma. Wiki ya tatu nilimwomba anitumie ile picha aliyoipiga, nikaifungua, na kwa sekunde kadhaa nilimtafuta msafiri wangu nisimwone.

Alikuwamo. Amezama ndani ya zambarau.

## Jioni ile moja

Nieleze nilivyokipaka, maana wengi wetu hufanya vivyo hivyo. Praima nyeusi, ile rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine. Kipande cha sponji kutoka kwenye pakiti ya sanamu yenyewe, kimechanwa kwa mkono ili kisiwe na ukingo ulionyooka. Bluu nzito, halafu zambarau, halafu majenta, halafu waridi; kila rangi inafutwa kwenye karatasi mpaka sponji ikaribie kukauka, na kila tabaka linachukua eneo dogo kuliko lililotangulia. Nyeupe kidogo katikati. Mwisho mswaki wa zamani, wino mweupe uliolegezwa kwa maji, kidole gumba kinapita juu ya nywele zake, na nyota zinanyesha.

Ni njia nzuri na bado naitumia. Sponji ina rehema: haifuati woga wa mkono, na kila mguso wake unatoka tofauti na uliopita, jambo ambalo brashi haiwezi hata ujitahidi vipi. Ukitaka mawingu ya gesi, huanzi mahali pengine.

Lakini nilipozihesabu zile hatua niliona kwamba kila moja ilikuwa ya kuongeza. Sikuwa na hata hatua moja ya kuondoa. Nilianza na kitako chote cheusi, nikamaliza weusi umebaki kama uzi mwembamba ukingoni. Na pale katikati, palipong'aa kuliko kote, ndipo nilipomsimamisha mtu mwenye joho la kijivu.

Nikajiuliza swali lingine, jepesi zaidi, nikashindwa kulijibu. Hiyo zambarau imetoka wapi?

## Rangi za nani?

Niliacha kutazama vitako vya wenzangu, nikaenda kutazama anga lenyewe. Kwa watu kama sisi hiyo maana yake ni picha za darubini, na hapo hapo nikakwama.

Picha ambayo karibu sote tumeibeba kichwani, hata tusipojua tumeitoa wapi, ni ile ya nguzo za vumbi katika Nebula ya Tai (nebula ni wingu la gesi na vumbi angani), iliyopigwa kwa darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995 na wanaastronomia Jeff Hester na Paul Scowen. Nguzo za kahawia, na nyuma yake kijani kinachoyeyukia kwenye bluu. Rangi zile zilipangwa. Mwanga wa salfa ulipewa nyekundu, wa hidrojeni ukapewa kijani, wa oksijeni ukapewa bluu. Haukuwa udanganyifu. Mwanga ule wa salfa na ule wa hidrojeni wote ni mwekundu, umekaribiana kiasi kwamba jicho lisingeutenganisha, kwa hiyo wakaupa rangi mbili ili ionekane kuna gesi mbili. Lakini maana yake ni kwamba mimi, ninaponakili kijani kile kwenye duara la milimita 32, sinakili anga. Nanakili uamuzi wa mtu aliyekuwa na sababu zake, nami sina.

Nikasema basi, nipake kile ambacho jicho lenyewe lingeona. Jicho nalo likanikatalia. Katika mwanga hafifu, seli zinazotuonyesha kitu ni zile zisizojua rangi. Mtu akiitazama Nebula ya Orioni kwa darubini ndogo huona moshi wa kijivu, pengine wenye dalili ya kijani, basi. Nilipaka kitako cha majaribio hivyo, kijivu juu ya weusi, kwa uaminifu wote. Kilitoka kama ukungu unaotambaa juu ya makaburi. Kingemfaa mzimu.

Nikakaa siku kadhaa bila kugusa brashi.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya kujitakia. Ni sanamu ndogo, paka rangi unayoipenda, furahi. Namwelewa. Ila nilikuwa nimeshaona kwenye picha kwamba rangi niliyoipenda ilimfuta mtu niliyempenda zaidi, na nilitaka kujua kwa nini.

Kilichonikwamua ni kubadilisha swali. Niliacha kuuliza rangi ipi ni ya kweli, nikauliza kila rangi inakaa wapi. Hapo ndipo anga lilipoanza kunijibu. Wingu la gesi linalojiangaza lina nyota yenye joto kali ndani yake au karibu nalo. Miali ya urujuanimno ya nyota hiyo inaing'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na atomu zinapotulia zinatoa mwanga wake. Hidrojeni hutoa nyekundu, kwenye nanomita 656. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa rangi iliyo kati ya kijani na bluu, karibu na nanomita 501, lakini kuifikisha oksijeni hapo kunataka nguvu zaidi, kwa hiyo mara nyingi rangi hiyo hukaa ndani, karibu na nyota, na nyekundu hutanda kuelekea nje. Feruzi ndani, wekundu nje. Hiyo ni ramani ambayo mchoraji anaweza kuifuata.

Kuna na bluu nyingine, isiyojiangaza. Kilimia, kile kikundi cha nyota cha methali ya jua na mvua, kwenye picha za muda mrefu huonekana kimejifunika utaji wa bluu. Ule utaji ni vumbi linalopita karibu na nyota zile na kurudisha mwanga wake, na vumbi laini hutawanya bluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo bluu ya namna hiyo lazima iwe na nyota ndani yake, na lazima ififie kadiri inavyoachana nayo.

Zambarau yangu haikuwa na nyota. Ilikuwa imelala tu kila mahali, sawasawa, kama kitambaa.

## Mkono uliokataa

Kitako cha pili nilikianza kwa nyota moja. Niliweka alama ya penseli robo ya njia kutoka ukingoni, nikaizungushia feruzi, nikaacha wekundu utawanyike upande mmoja tu. Kikatoka kizuri kuliko cha kwanza. Nikamsimamisha msafiri juu yake kwa gundi ya muda, nikarudi nyuma hatua mbili.

Akazama tena.

Hapo ndipo niliposoma habari za mwanaastronomia Edward Emerson Barnard. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya mabaka 182 ya giza angani, mahali ambapo nyota zinakoma ghafla katikati ya wingi wa nyota. Kwa muda mrefu wengi waliyachukulia kuwa matundu, sehemu zisizo na kitu, na Barnard mwenyewe alichukua miaka kukubali kwamba mengi ni mawingu: vumbi jeusi limesimama mbele na kuziba mwanga wa nyuma. Namba 33 katika orodha yake ndiyo Nebula ya Kichwa cha Farasi, ambayo Williamina Fleming alikuwa ameiona kwenye sahani ya picha huko Harvard mwaka 1888. Mtu akiitazama anaona farasi. Anachokiona ni umbo la vumbi tu, limekatwa kwenye wekundu wa hidrojeni iliyo nyuma yake.

Nilikuwa nimelichukulia giza kama karatasi. Kitu ambacho kipo kabla hujaanza, na ambacho kazi yako ni kukifunika. Kumbe giza lenyewe ni kitu, lina ukingo, lina umbo, na linaweza kuja mbele.

Nilichanganya nyeusi na kahawia iliyokolea, kwa sababu nyeusi tupu juu ya rangi ing'aayo huonekana kama tundu la wino, nikaishika sponji ileile. Na mkono ukakataa. Sisemi kwa kutia chumvi. Chini ya sponji palikuwa na sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka kwenye kitako, mpito wa feruzi kwenda kwenye wekundu uliotoka kwa bahati na ambao nisingeweza kuurudia, na ilinibidi niupitishie tope jeusi katikati. Niliiweka sponji chini. Nikaosha brashi zilizokuwa safi. Nikarudi.

Nikaanza na ncha ndogo, pembeni. Halafu nikavuka.

Mto wa vumbi ulipopita juu ya feruzi, feruzi ikarudi nyuma. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kuieleza. Sikuigusa, sikuipunguza, lakini ilikaa mbali ghafla, nyuma ya kitu. Kitako kilichokuwa bapa kikapata kina cha kumtia mtu kizunguzungu. Upande mmoja wa mto niliuacha ukingo mkali, uliokatwa kwa ncha ya brashi, na upande wa pili nikaufifisha kwa sponji kavu mpaka usijue umeishia wapi. Pande zote mbili zikiwa kali unapata ufa. Zikiwa laini zote unapata doa.

Siku hizi nusu ya muda wangu naitumia kurudisha giza, na huwa sijui kitako kimekuwa nini mpaka nifike hapo.

## Nyota, kwa ufupi

Mswaki hauna shida, shida ni haraka. Pigo la kwanza baada ya kuchovya hutoa matone manene, kwa hiyo lipigwe kwenye karatasi. Tone nene likianguka linainuliwa papo hapo kwa brashi yenye unyevu, kabla halijashika. Na nyota zipakwe kabla ya mto wa giza, si baada yake, ili vumbi lizizibe baadhi. Hilo peke yake linafanya kazi ya ajabu.

Nyota si nyeupe zote. Kwenye kundi la Orioni pekee kuna Betelgeuse, yenye joto la takribani kelvini 3,500 na rangi ya kaa la moto, na Rigel, yenye kelvini zipatazo 12,000, nyeupe inayoelekea bluu. Tone tatu au nne zikiguswa kwa chungwa iliyolegezwa, tano kwa bluu hafifu, zingine zote zinaonekana nyeupe zaidi.

Ile misalaba ya mwanga inayowekwa kwenye nyota niliiacha kabisa. Zamani nilidhani ni umbo la nyota. Ni alama ya darubini: Hubble huweka miali minne kwa sababu ya vishikio vya kioo chake cha pili, darubini ya Webb huweka sita mikubwa na miwili midogo kwa sababu ya vioo vyake vya pembe sita na nguzo zake. Ukiweka msalaba kwenye kitako umemwambia mtazamaji kwamba anatazama picha. Nami nilitaka aone mahali.

## Amesimama juu ya nini?

Kuhusu mahali ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi, na ndipo ambapo bado sijatulia.

Kitako kina kazi moja ya zamani: kueleza miguu iko wapi. Udongo, mbao, theluji, maji yanayofika kwenye kifundo. Anga halina hayo. Msafiri wangu ana uzito, mchongaji amemchongea goti lililokunjwa na kisigino kilichokanyaga, na mimi nikamweka juu ya wingu la gesi lililo jepesi kuliko karibu ombwe lolote tunalolitengeneza kwa pampu. Mwili unasema ardhi, rangi inasema hakuna ardhi. Jicho likiona ugomvi kama huo huchagua upande mmoja, na kwa kuwa rangi ilikuwa kali zaidi, lilichagua rangi. Nadhani hiyo ndiyo sababu rafiki yangu hakumwona. Alikuwa anaangalia picha ya anga ambayo kuna kitu kimebandikwa juu yake.

Nilimkatia msafiri kipande cha kizibo cha chupa, kile cha gome la mti. Kwa wasiokitumia: kikivunjwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu, kinatoa jabali lenye matabaka, na kina wepesi wa kukibandika popote. Nilikipaka kijivu kisicho na bluu hata kidogo, kikavu, cha vumbi. Nikakiacha kimetokeza nje kidogo ya ukingo, na anga likabaki chini yake na pembeni, kama theluthi moja ya duara. Theluthi moja tu. Ilinibidi nifunike sehemu kubwa ya yale mawingu niliyoyahangaikia, na safari hii mkono haukukataa.

Kisha nikafanya jambo ambalo najua si kweli.

Nilipaka mwanga wa nebula kwenye viatu vyake. Feruzi iliyolegezwa sana kwa midia, kile kimiminika cha kulegezea rangi, si kwa maji matupu, kwa sababu maji yakizidi rangi hukauka na kuacha pete. Tabaka tano kwenye upande wa chini wa viatu, tatu kwenye pindo la joho, moja chini ya kiganja, na juu ya goti hakuna kitu. Mwanga unaopanda kutoka chini humfunga mtu na mahali alipo kuliko gundi. Lakini nebula haimulikii mtu hivyo. Kitu kilichotanda namna ile hakizidi kung'aa kwa kukisogelea; kinakuwa kipana tu machoni, na kila sehemu yake inabaki na ufifi uleule. Msafiri aliyesimama ukingoni mwa Nebula ya Orioni angekuwa na viatu vyeusi.

Niliiwaza sana hiyo. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kukataa zambarau kwa sababu haina chanzo, halafu naweka mwanga ambao chanzo chake hakina nguvu ya kuutoa. Nikaufuta kwenye kiatu kimoja ili nione. Kiatu kile kikaelea. Nikaurudisha.

Sina utetezi mzuri zaidi ya huo. Rangi ya gesi naidai ukweli kwa sababu ukweli wake unaipa mpangilio. Mwanga wa viatuni nauachia kwa sababu bila huo mtu anaondoka. Labda siku moja nitaona njia ya kuvipata vyote viwili.

## Vanishi

Nilimaliza usiku, nikaipulizia sanamu nzima vanishi isiyong'aa kama nifanyavyo siku zote, nikalala. Asubuhi anga lilikuwa limekufa. Weusi wote umekuwa rangi ya ubao uliofutwa chaki vibaya, mto wa vumbi umechanganyika na ulichokuwa umekizuia, na kile kina hakipo.

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Nilikiweka kando, sikutaka hata kukitazama.

Vanishi isiyong'aa ina chembe ndogo zinazoukwaruza uso wake, na mwanga unaougonga hutawanyika kila upande. Sehemu ya mwanga huo inakufikia popote ulipo, na weusi ukirudisha mwanga kidogo tu tayari ni kijivu. Uso laini huurudisha upande mmoja, kwa hiyo ukikaa nje ya njia yake unaona weusi hasa. Jioni yake nilichukua vanishi ya mng'ao wa kati, nikaipaka kwa brashi juu ya anga peke yake, taratibu, bila kugusa jiwe. Pale ilipopita, giza likafunguka. Naikumbuka brashi ikitembea na nyota zikirudi nyuma yake moja moja.

Jiwe lilibaki kavu bila mng'ao, na anga chini yake na unyevu wake mdogo. Nisingeipata tofauti ile kwa rangi.

Ukingo wa kitako niliupaka nyeusi tupu. Hilo halikunisumbua hata dakika.

## Kilicho mezani sasa

Rafiki yangu hajamwona msafiri tangu ahamie kwenye jiwe. Yuko kwenye rafu, ameugeuzia ukuta mgongo, na mara nyingine nikipita namtazama usoni kabla sijatazama chini.

Mezani kuna kitako kingine, cha milimita 40, kwa ajili ya sanamu ambayo sijaanza kuipaka. Hicho nimekipaka nyeusi yenye kahawia kidogo, tabaka mbili, moja imepita juu ya nyingine kwa sponji mpaka karibu usione kwamba kuna mawingu. Hakina feruzi. Hakina wekundu. Kina nyota moja, ya chungwa, niliyoiweka kwa ncha ya sindano karibu na ukingo, mahali ambapo kivuli cha mguu wa kushoto kitaishia. Ni siku ya nne leo. Wino mweupe uko wazi kando yake, mswaki umekauka, na kila nikiuinua ninaurudisha chini.